Niuze kiwanja kwa namba za mdogo wangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo, nakaa Uyole hapa Mbeya. Nanunua Umalila na Njombe, napakia Dar. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 22, ndiye kitinda mimba wetu. Baba alipofariki nilimchukua mimi nikamsomesha. Chuo aliacha mwaka wa pili, akasema anataka muziki. Sikugombana naye. Sauti anayo, hata kanisani wanamjua.

Mwaka huu ametoa wimbo wake wa tatu, studio Mafiati, hela nikatoa mimi. Mwanzoni ulikuwa unasikilizwa mtandaoni mara thelathini au arobaini kwa siku, na nahisi nusu yake ilikuwa mimi na vijana wangu wa ghalani. Kisha akapata meneja. Meneja akaomba laki tatu na nusu ya kuupush wimbo. Nikatoa. Jumanne moja alfajiri dogo ananigongea mlango anapiga kelele: wimbo umesikilizwa mara elfu ishirini na moja kwa siku moja! Kesho yake elfu ishirini na kitu, keshokutwa hivyohivyo, mpaka siku ya tisa. Jumla ikafika 186,400. Mama kule Tukuyu akachinja jogoo. Siku ya kumi zikashuka hadi mia tatu, ya kumi na mbili zikarudi arobaini.

Sasa meneja anasema moto umezimika kwa sababu hatukuongeza kuni. Anataka milioni nne na nusu za awamu ya pili, halafu tuzipeleke namba kwa wadhamini wa matamasha. Amenishauri niuze kiwanja changu cha Isyesye, eti hela itarudi mara mbili ndani ya miezi mitatu.

Kilichonishtua ni hiki. Jumamosi baada ya zile siku tisa walifanya shoo kwenye ukumbi mmoja Mwanjelwa, kiingilio elfu tatu. Mlangoni nilikaa mwenyewe. Waliolipa walikuwa 37, sita kati yao ni ndugu zetu. Alipofika kwenye kiitikio akageuzia watu maiki, walioitikia ni wale sita.

Nikamwomba anionyeshe ripoti kwenye simu. Wasikilizaji 2,130. Waliouhifadhi wimbo 64. Miji: Frankfurt, Ashburn, Helsinki na mingine nisiyoijua, Dar es Salaam ya sita, Mbeya haipo kabisa. Nyimbo zake mbili za nyuma hazijasogea hata kidogo. Nikamuuliza Ashburn ni wapi. Akasema, "Ulaya huko dada, wazungu wameuelewa."

Wiki iliyopita imeingia barua pepe kutoka kwa kampuni inayomsambazia nyimbo. Aliifungua, akaifunga, akasema ni matangazo tu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyesoma matangazo.

Nikiuliza, meneja anasema nina wivu, dogo ananuna, na mama yuko upande wake. Shangazi, namba zinaweza kuwa feki? Mimi najua viazi, nitajuaje? Na nikishajua, namwambiaje bila kumvunja moyo?

Dada Mtu, Uyole

*

Marahaba mwanangu,

Kiwanja usiuze. Nimelitanguliza hilo ili usiku wa leo ulale, mengine tuongee taratibu.

Zamani, wewe ukiwa bado mgongoni, nilikuwa nasaidia kupanga kadi za salamu kwenye redio moja. Watu walikuwa wanachagua wimbo kwa kadi. Wiki moja msanii asiyejulikana akapata kadi zaidi ya mia mbili, bahasha imevimba kama maandazi. Mtangazaji hakusema neno. Alizimwaga zote mezani, akazitandaza, akatuita. Kalamu ya bluu ileile. Herufi "g" zote zina mkia uliopinda kushoto. Majina mia mbili, mkono mmoja. Kadi zikaenda kuwashia jiko la chai.

Mitandao ya muziki ya leo inafanya kazi ileile ya kutazama mwandiko. Namba yako wewe ni 186,400, wao wanaona kila sikilizo limetoka kwenye akaunti gani, simu gani, anwani gani ya intaneti, saa ngapi, na msikilizaji alikata sekunde ya ngapi. Wewe huoni yote hayo, lakini dogo amekufungulia sehemu ya kutosha. Tuzimwage mezani.

Anza na watu 2,130. Gawanya 186,400 kwa hao, kila mmoja ameusikiliza wimbo takriban mara 87 kwa siku tisa. Karibu mara kumi kwa siku, kila siku, mtu ambaye hajawahi kumsikia mdogo wako maishani. Wewe dada yake uliyelipia studio, umefikisha mara kumi kwa siku? Na kati ya hao wapenzi wakubwa, waliouhifadhi ni 64 tu. Ni kama mteja anayekula kwa mama ntilie yuleyule mara kumi kwa siku, halafu kila akija anauliza njia.

Nyimbo mbili za nyuma ndizo zilizonimalizia mashaka. Binadamu akipenda wimbo huchungulia: huyu kaimba nini kingine? Wengine hupita bila kuchungulia, sawa, lakini katika watu elfu mbili wapo mia au mia mbili watakaogusa wimbo wa pili. Hapa hakuna hata mmoja. Roboti, yaani programu ya kompyuta inayojifanya msikilizaji, haina udadisi. Imetumwa wimbo mmoja, inasikiliza mmoja.

Kisha umbo la zile siku tisa. Wimbo unaopendwa hupanda kama barabara ya kwenda Tukuyu, una kona, una miteremko, Jumapili si sawa na Jumatano, na ukishapanda haushuki wote kwa usiku mmoja, huacha mkia wa wiki kadhaa. Wa kwenu umepanda kama ukuta, ukakaa sawasawa kama meza, ukaanguka. Hiyo si tabia ya watu, ni oda iliyokwisha. Laki tatu na nusu ilinunua siku tisa.

Na Ashburn haiko Ulaya. Iko jimbo la Virginia, Marekani, na inajulikana duniani kwa jambo moja: maghala makubwa ya seva, majengo yasiyo na madirisha ambamo kompyuta za kukodi zinanguruma usiku na mchana. Frankfurt na Helsinki ni miji ya watu kweli, lakini nayo ina maghala hayo. Miji ya namna hiyo ikiitangulia Dar es Salaam kwa kijana wa Uyole anayeimba Kiswahili, aliyesikiliza hana masikio.

Hapa nikuzuie kidogo, usije ukamhukumu mtu kwa kosa lisilo lake. Kutokuwepo kwa Mbeya kwenye orodha peke yake si ushahidi. Mji husomwa kwa anwani ya intaneti, na mtu wa Kyela anayetumia data ya simu anaweza kuandikwa yuko Dar. Wapo pia wanaotumia VPN, programu ya kuficha mahali ulipo, wakaonekana wako Uholanzi huku wanamenya ndizi Rungwe. Na namba kuruka ghafla nako si dhambi: wimbo ukitumika kwenye video fupi iliyosambaa, au ukiwekwa kwenye pleilisti kubwa, unaweza kuruka kuliko huo wenu. Tofauti yake ni kwamba huo huacha alama nyingine. Watu wanautafuta kwa jina. Wanauliza Shazam, ile programu ya kutambua nyimbo, huu wimbo wa nani. Wanaandika maoni ya Kiswahili, mengine ya matusi. Wafuasi wanaongezeka. Ukumbini wanamalizia kiitikio hata msanii akikosea. Namba ikipanda peke yake, bila ndugu zake hao hata mmoja, ndipo pa kutilia shaka.

Tena kuna upande wa pili ambao mameneja wa mjini hawausemi. Mbeya muziki mwingi unaishi kwenye flash. Bajaji ya Kabwe inapiga wimbo mmoja kuanzia asubuhi mpaka taa zinawaka, abiria wanashuka wanaimba, na hakuna mtandao unaohesabu hata sikilizo moja. Kwa hiyo namba ndogo nayo haimaanishi kijana hapendwi. Zile arobaini za kwanza, hata kama nusu ni za ghalani kwako, zilikuwa za watu.

Sasa kwa nini mtu auze kitu kama hicho? Kwenye mtandao wa muziki wa Spotify, kwa mfano, wimbo huhesabiwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Mwaka 2014 bendi moja ya Marekani ilitoa albamu ya kimya kitupu, nyimbo za sekunde thelathini na kitu, ikawaomba mashabiki waiache ikijirudia wakiwa wamelala. Ilipata hela ya kweli, dola elfu kadhaa, kabla haijaondolewa. Hiyo ilikuwa utani, na waliobonyeza walikuwa watu. Waliofuata hawakutania. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki Michael Smith, mkazi wa North Carolina, kwamba alitengenezewa nyimbo lukuki na akili unde, akazisikilizisha kwa maelfu ya akaunti za roboti, akavuna zaidi ya dola milioni 10. Kwa hesabu yake mwenyewe iliyomo kwenye hati ya mashtaka, ilikuwa kama masikilizo 661,440 kwa siku. Soma vizuri alivyofanya: aliyatawanya kwenye nyimbo nyingi sana, ili kila wimbo uonekane umesikilizwa kidogo tu. Huyo alijua kinachokamatisha. Aliyemuuzia meneja wenu amerundika 186,000 kwenye wimbo mmoja wa msanii mpya, mchana kweupe.

Usiniambie pia hayo ni mambo ya wazungu hayamuumizi mtu. Kwenye huduma nyingi hela za wateja na matangazo huwekwa chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa wasanii kwa uwiano wa masikilizo. Sikilizo la roboti linachota kwenye chungu hichohicho anachotegemea binti wa Iringa aliyepata masikilizo yake kwa jasho. Ufaransa, kituo cha taifa cha muziki kilikagua takwimu za mwaka 2021 kikakuta kati ya bilioni 1 na bilioni 3 za masikilizo ni za uongo, na hizo ni zile tu zilizogunduliwa. Denmark, mwaka 2024, mahakama ya Aarhus ilimtia mtu hatiani kwa mchezo huu.

Ndiyo maana wenye mitandao ya muziki wameacha kubembeleza. Tangu mwaka 2024 Spotify inamtoza faini msambazaji kwa kila wimbo uliokutwa umejazwa masikilizo ya uongo waziwazi, na msambazaji naye hamwachi msanii. Mwaka huohuo wakaweka kwamba wimbo usiofikisha masikilizo 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili haulipwi. Mameneja wa aina ya huyo wenu huitumia kanuni hiyo kutishia watoto: bila kuongezewa hutapata kitu. Wanasahau kusema kwamba masikilizo ya roboti yakigundulika hufutwa, hayalipwi, na wimbo unaweza kushushwa kabisa.

Sasa ile barua pepe. Sijaisoma, lakini mtu akipata masikilizo ya namna hii, msambazaji humwandikia mambo ya aina hiyo: tumeona usikilizaji usio wa kawaida, hela tumeishikilia, tupe maelezo. Kama ni hiyo, kukaa kimya ndiyo njia mbaya kuliko zote. Msaidie aijibu wiki hii, kwa lugha ya kawaida: tulilipa mtu wa promo siku fulani, hatukujua atatumia njia gani, tumeacha, hii hapa risiti. Kama hakuna risiti, basi muamala wa simu. Kusema ukweli mapema hakuhakikishi wimbo utabaki, ila akaunti ikifungwa zitaondoka na zile nyimbo mbili zisizo na hatia.

Kuhusu meneja, sitaki kumwita mwizi, wapo waliotapeliwa na mawakala wa juu yao wakapitisha tu. Muulize maswali mawili mbele ya dogo. La kwanza: kuupush maana yake nini hasa? Tangazo la kulipia YouTube au Instagram ni halali kabisa, na huacha nyaraka: lilionyeshwa kwa nani, wapi, kiasi gani kimetumika. Alete hizo nyaraka kutoka kwenye akaunti yenyewe, siyo picha ya skrini. Picha ya skrini hata mimi naweza kuipika. La pili: kama milioni nne na nusu inarudi tisa kwa miezi mitatu, kwa nini hauzi cha kwake? Mwenye mashine ya kuchapa noti hazunguki Uyole kutafuta mtaji. Na mtu yeyote anayekuahidi idadi, masikilizo laki moja kwa bei fulani, anakuuzia roboti, kwa sababu binadamu hawaagizwi kwa idadi.

Habari ya wadhamini ndiyo iliyonitoa jasho. Kudanganywa ni jambo moja. Kuchukua namba unazojua ni za uongo ukazipeleka kwenye kampuni ili upewe hela ni jambo jingine kabisa, nalo lina polisi ndani yake. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na udanganyifu wa kompyuta umo. Hata bila polisi, wadhamini wa siku hizi wana vijana wanaojua kusoma ripoti kama hii kwa dakika tano. Mdogo wako atakumbukwa kwa namba zile kabla hajakumbukwa kwa sauti.

Sasa dogo mwenyewe. Sidhani kama alijua tangu mwanzo. Mtu anayejua hamgongei dada yake alfajiri akipiga kelele. Lakini tangu ile barua pepe nadhani anajua, au anaogopa kujua, na kila akikumbuka jogoo wa mama anashindwa aanzie wapi. Kwa hiyo usimkabili mbele ya mama, na meneja asiwepo siku hiyo. Mchukue ghalani, siku ya kupokea mzigo. Wewe umenunua viazi miaka mingapi? Umewahi kulipia gunia kwa kuangalia mdomo wake? Juu vimepangwa vikubwa, katikati vidogo, chini kuna udongo na jiwe la kuongezea kilo. Mwache aone kijana wako akimwaga moja. Halafu muombe simu, mhesabu pamoja zile 87. Usimwambie umedanganya. Mwambie tumeuziwa, maana hela ilikuwa yako na wewe ndiye uliyeitoa.

Atalia, au atatoka aende kukaa peke yake. Mwache. Kitakachomuuma si hela, ni zile siku tisa alizoamini dunia inamsikiliza. Akirudi mkumbushe watu 31 wa Mwanjelwa. Toa ndugu zako sita, wanabaki watu 31 ambao hawamjui, waliotoka nyumbani kwenye baridi ya Mbeya, wakalipa elfu tatu mkononi mwako. Hawakujua kiitikio kwa sababu hakuna aliyewapa nafasi ya kukisikia. Milioni nne na nusu huna haja nayo kwa kazi hiyo. Nunueni flash ishirini za bei rahisi, wekeni nyimbo zake tatu katikati ya nyimbo nyingine zinazopendwa, azigawe mwenyewe kwa madereva wa bajaji Kabwe na daladala za Mbalizi, arudi baada ya wiki mbili aulize ni upi wanaouruka. Jibu la dereva litamuuma kuliko ripoti, lakini litamsaidia kutunga wimbo wa nne.

Mama mwachie mimi, akiuliza mwambie Shangazi amesema jogoo hakuliwa bure, mtoto ana sauti.

Halafu mwanangu, umeniandikia barua yote hii kuhusu wimbo na hukuniambia unahusu nini. Nitumie. Nitausikiliza mpaka mwisho, mara moja, na namba yake itapanda kwa moja.

Shangazi